Jinsi ya kufunga kempa kwenye pikapu ambayo chasisi yake inajipinda

Ukijenga kempa nzuri, yaani kijumba cha safari kinachokaa nyuma ya pikapu badala ya bodi, chenye kitanda, jiko na tangi la maji, kisha ukaifunga moja kwa moja kwenye chasisi kwa bolti nne za kona, mjini utaendesha bila shida yoyote. Itaanza kuachia kwenye njia ya Engaruka kwenda Ziwa Natron, au baada ya Baragoi ukielekea South Horr, mahali ambapo fundi wa kuchomelea yuko mbali. Maswali yanayokuja baada ya hapo ni yaleyale kila mara. Mbona mlango haufungi tena? Mbona silikoni ya dirisha imeachia upande mmoja tu? Nikiweka mpira mnene chini haitoshi? Bolti nane si bora kuliko nne?

Nimeandika mwongozo huu ili majibu yote yakae mahali pamoja. Mfano wangu ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, pikapu ya kabini moja, kwa sababu ndiyo inayopendwa zaidi kwa safari za mbali huku kwetu. Ukiwa na Hilux, D-Max au L200, kazi ni ileile. Vipimo tu ndivyo vinabadilika, na vipimo utavichukua mwenyewe.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kushika spana

Chasisi ya pikapu ni reli mbili ndefu zilizounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Gurudumu la mbele kushoto likipanda jiwe na la nyuma kulia likapanda tuta, chasisi hujipinda, na hilo husaidia tairi zote nne zibaki zimegusa ardhi. Haijaharibika, ndivyo ilivyokusudiwa. Angalia pikapu yoyote ikiwa na bodi yake ya kiwandani: kabini na bodi ya mizigo ni vipande viwili vyenye nafasi kati yao, kwa sababu kila kimoja kinaelekea upande wake barabara ikiwa mbaya.

Kempa haiko hivyo. Ina sakafu, kuta nne na paa, vyote vimeshikana. Chukua boksi la viatu bila mfuniko, ulipinde kwa mikono: linapindika. Sasa gundisha mfuniko kisha ujaribu tena. Kempa yako ni hilo boksi lenye mfuniko. Ukiifunga kwa nguvu kwenye kitu kinachojipinda, kimoja kitashindwa. Ama kempa itapasuka kwenye kona za mlango na madirisha, ama reli ya chasisi itapata ufa, mara nyingi nyuma kidogo ya kabini.

Kwa hiyo usihangaike kuzuia chasisi isijipinde. Amua mpindo utokee wapi. Katika njia ninayoeleza hapa, kempa inashikwa imara nyuma, karibu na ekseli, na mbele inashikwa kwa springi zinazoruhusu reli moja iachane na kempa kisha irudi.

Ipo njia nyingine, ya kuegemeza kempa kwenye pointi tatu, mbili mwisho mmoja wa kempa na moja inayozunguka, katikati ya mwisho wa pili. Magari kama Unimog, yenye chasisi iliyokusudiwa kujipinda sana, hufungwa hivyo au kwa njia inayokaribiana nayo. Ni njia nzuri, lakini uzito wote unaishia kwenye sehemu tatu ndogo, na reli za pikapu ni nyembamba kwa mzigo wa namna hiyo. Springi pamoja na fremu ya kati ndefu, yaani fremu ya chuma inayolala kati ya reli na kempa, husambaza uzito juu ya reli yote. Kwa pikapu, na kwa anayeanza, mimi nashauri springi.

Unachohitaji

Usianze kukata chuma kabla hivi vyote havijawa mbele yako:

- Bomba la chuma la mstatili la milimita 75 × 50, unene 3, kwa fremu ya kati. Lina uzito wa kama kilo 5.6 kwa mita, kwa hiyo mita 12 ni karibu kilo 67. Liingize kwenye hesabu ya uzito.
- Bamba la chuma la milimita 8 kwa vishikio vya nyuma na vya springi, na la milimita 6 kwa mabamba ya kuongoza, yale yanayozuia kempa isiende pembeni.
- Bolti za daraja 8.8, M12 na M14 (kipenyo cha milimita 12 na 14), na nati zenye plastiki ndani. Kichwa cha bolti lazima kiwe kimechapwa 8.8. Kisichochapwa kitu, kiache dukani.
- Springi za koili za kubonyea, nne hadi nane. Vipimo vyake utavipata kwenye hatua ya 3 na ya 8, usizinunue kabla.
- Ukanda wa plastiki ngumu, ile inayotumika kutengeneza mbao za kukatia nyama, unene wa milimita 10. Mbao ngumu kama mninga au mvule nayo inafaa. Mafundi wa bodi za malori wameitumia miaka mingi kati ya chasisi na bodi.
- Rangi ya kuzuia kutu, brashi, na nta au grisi nzito.
- Pimamaji ya kidijitali inayosoma nyuzi. Ya seremala yenye tone haitoshi kwa kazi hii.
- Spana ya kupima nguvu ya kukaza, drili yenye biti nzuri za chuma, grainda, jeki na stendi imara nne.
- Fundi wa kuchomelea unayemwamini, kwa fremu ya kati peke yake.

Gari lisiingiwe chini likiwa juu ya jeki tu. Stendi kwanza, hata kama unaingia kuokota nati.

Hatua

1. Pima uzito. Peleka pikapu kwenye mizani ikiwa tupu, tangi la mafuta limejaa. Viwanda vya kusaga, maghala ya nafaka na wanunuzi wa vyuma chakavu wengi wana mizani, nao hukupimia kwa malipo madogo. Pima mara tatu: gari zima, ekseli ya mbele peke yake, ekseli ya nyuma peke yake. Kisha soma uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye kibao cha gari au kwenye kitabu chake, ikiwemo wa kila ekseli.

Kinachobaki ndicho cha kempa, maji, chakula, watu na mizigo yao yote. Maji lita 100 ni kilo 100. Tairi la akiba la pili, mtungi wa gesi, betri ya ziada na friji vinaongezeka upesi kuliko unavyodhani. Kempa tupu ikishafika nusu ya uwezo wa gari, ujue nusu iliyobaki itakwisha kabla hujapakia nguo. Rudi kwenye mchoro upunguze. Hakuna ufungaji utakaookoa gari lililozidiwa.

Siku hiyohiyo uliza habari za karatasi. Kubadilisha aina ya bodi ni jambo la kuandikisha, kwa TRA ukiwa Tanzania na kwa NTSA ukiwa Kenya, na kampuni ya bima nayo lazima ijue.

2. Toa bodi ya zamani, safisha reli. Fungua bolti, nyanyua bodi na watu wa kutosha, toa na mabaki yote ya mpira. Osha chasisi kwa maji yenye presha, ikauke, kisha ipitie kwa tochi na kidole. Tafuta kutu inayobanduka kwa tabaka, nyufa kuzunguka matundu, na sehemu zilizowahi kuchomelewa. Gari lililobeba mizigo mizito miaka mingi mara nyingi lina ufa mdogo uliofichwa na rangi. Ukiupata, kazi inasimama mpaka utengenezwe na mtu wa chasisi.

Weka alama ya chaki kwenye kila tundu la kiwandani lililoko ubavuni mwa reli. Matundu hayo ni mali; utayatumia.

3. Pima chasisi inajipinda kiasi gani. Wengi huruka hatua hii, kisha wanabahatisha springi. Inachukua saa moja tu.

Egesha gari mahali tambarare. Kata vipande viwili vya bomba lililonyooka, kimoja kikingame juu ya reli mbili nyuma tu ya kabini, kingine mwisho wa chasisi. Vifunge kwa vibano visicheze. Weka pimamaji juu ya cha mbele, andika nyuzi. Hamishia cha nyuma, andika. Tofauti yoyote unayoiona sasa ndiyo mwanzo wako.

Pakia mifuko ya mchanga juu ya mbao zilizokingama reli, uzito unaokaribia ule wa kempa yako. Chasisi tupu hujipinda kidogo kuliko yenye mzigo, na vipimo vya gari tupu vitakudanganya. Sasa endesha taratibu gurudumu la mbele kushoto lipande juu ya gogo au mbao nene zilizopangwa imara, kimo cha sentimita 25 hadi 30, na la nyuma kulia lipande kimo hichohicho. Usitumie matofali, yanapasuka ghafla. Vuta handibreki, zuia magurudumu, soma pimamaji mbele na nyuma. Rudia kwa pembe ya pili, mbele kulia na nyuma kushoto.

Toa tofauti ya mwanzo, utabaki na nyuzi za mpindo. Zigeuze kuwa milimita hivi: nyuzi, mara upana kutoka katikati ya reli moja hadi katikati ya nyingine, mara 0.0175. Tuseme reli zako zimeachana milimita 760. Nyuzi 1 ni karibu milimita 13, na nyuzi 3 ni milimita 40. Hizo 40 ndizo kempa yako itakazotaka kuachana na reli kwa mbele. Ongeza nusu yake kwa ajili ya shimo ambalo hukulitarajia, iwe 60.

Sasa swali la mpira mnene linajijibu lenyewe. Mpira wa kiti cha injini au wa kabini unabonyea milimita chache tu. Hauwezi kukupa 60.

4. Chora mahali pa kushika. Kwa kila reli unahitaji: vishikio viwili imara nyuma, karibu na ekseli, visiachane zaidi ya sentimita 70 hivi, kishikio cha springi mwisho wa mbele, na kama fremu ya kati ni ndefu zaidi ya mita 2, kishikio kingine cha springi katikati. Mabamba ya kuongoza yatakaa kati ya hivyo.

Ni nyuma ndiko kunakoshikwa imara kwa sababu uzito mwingi wa kempa uko huko, na chasisi huko ina nguvu zaidi pale springi za gari zinapojishika. Mpindo mkubwa hutokea kati ya kabini na ekseli ya nyuma. Ukigeuza, ukakaza mbele na kulegeza nyuma, kempa itafuata kabini na mkia wake utarukaruka kwenye kila tuta.

5. Jenga fremu ya kati nje ya gari. Ni mabomba mawili marefu yanayolala juu ya reli za chasisi, upana uleule, na mabomba ya kukingama juu yake yanayobeba sakafu ya kempa. Mabomba marefu yaanze karibu kabisa na kabini na yafike mwisho wa kempa. Fremu ikianzia nusu ya njia, pale inapoanzia ndipo reli itakapovunjikia.

Ncha ya mbele ya kila bomba refu ichongwe kwa chini, mteremko mrefu wa kama sentimita 15, ili uzito upungue polepole badala ya kukatika ghafla kwenye kona moja ya chuma. Ziba ncha hiyo kwa bamba jembamba na ulainishe kingo. Ni kazi ya dakika 20 na inaokoa chasisi.

Chomelea fremu juu ya meza au sakafu iliyonyooka, si juu ya gari. Ukilazimika kushikiza kitu kikiwa kwenye gari, ondoa nyaya zote mbili za betri kwanza, na waya wa ardhi wa mashine ushikwe karibu kabisa na unapochomelea. Usichomelee chochote kwenye chasisi yenyewe. Joto linalegeza chuma cha reli, na ufa hauanzii kwenye weldi, unaanzia pembeni yake. Fundi akikuambia "nitagusa kidogo tu," mkatalie kwa upole.

Paka fremu rangi ya kuzuia kutu, matabaka mawili, na ndani ya mabomba umimine nta.

6. Laza ukanda kati ya reli na fremu. Plastiki au mbao, urefu wote, upana wa reli. Kazi yake ni kuzuia chuma kisisagane na chuma na kufuata vichwa vya riveti. Pale penye riveti, chimba ukanda, usichonge riveti. Ukanda uushikize kwenye fremu ya kati kwa skrubu zilizozama. Ukiushikiza kwenye chasisi, maji na matope yatakaa chini yake na kuila reli.

Mbao wala plastiki isikae karibu na ekzosi. Hapo weka chuma, na kinga ya joto.

7. Funga vishikio vya nyuma. Kila kishikio ni bamba la milimita 8 lililochomelewa kwenye ubavu wa fremu ya kati na kushuka ubavuni mwa reli, likafungwa kwa bolti mbili za M12 au zaidi. Tumia matundu ya kiwandani kila inapowezekana. Tundu jipya likihitajika, litoboe katikati ya ubavu wa reli. Usitoboe sehemu ya juu wala ya chini ya reli. Hizo ndizo zinazobeba uzito, na tundu hapo ni mwanzo wa ufa. Kabla ya kutoboa, chungulia upande wa pili: bomba la breki, bomba la mafuta na nyaya hupita humo.

Reli nyingine ni sanduku lililofungwa pande zote nne, na nyingine ziko wazi upande mmoja. Kwenye sanduku lililofungwa, ukikaza bolti inayopita pande zote mbili utalibonyeza. Weka bomba dogo la chuma ndani, bolti ipite humo. Wanaozoea malori watataka kutumia yubolti, bolti yenye umbo la U, kuzungushia reli. Kwenye reli iliyo wazi, yubolti hukunja midomo yake usipoweka kipande cha chuma ndani, na hata hapo haizuii kempa kuteleza mbele ukipiga breki. Mimi situmii yubolti kwa vishikio vya nyuma.

Sugua rangi nzito kati ya bamba na reli, bakiza tabaka jembamba tu. Rangi nzito husagika na bolti hulegea. Kaza M12 ya 8.8 kwa kama Nm 80 (nyutonimita, kipimo cha spana ya kupima nguvu), kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Nati ikisogea utaona bila spana.

8. Funga springi za mbele. Tengeneza sikio la bamba la milimita 8 kwenye ubavu wa fremu ya kati, na sikio jingine chini yake, lililofungwa kwa bolti ubavuni mwa reli ya chasisi. Bolti ndefu ya M14 inaingia kutoka juu, inapita sikio la fremu, inapita sikio la chasisi, na chini ya sikio la chasisi unaweka springi, washa nene (duara bapa la chuma lenye tundu), nati na nati ya pili ya kufunga. Fremu ikinyanyuka inavuta bolti juu, na springi inabonyezwa. Ikishuka, springi inaachia.

Matundu ya M14 yawe milimita 18, kwa sababu bolti itainama kidogo fremu ikinyanyuka. Acha milimita 5 kati ya masikio mawili. Uzito lazima ukae juu ya ukanda, si juu ya masikio.

Springi gani? Kwa kempa ya kilo 600 hadi 800 anza na inayobonyea milimita 1 kwa kila kilo 5. Ikaze mpaka ibonyee milimita 10: hapo kila springi inavuta kilo 50. Ukiweka mbili kila upande mbele, una kilo 200 zinazoshikilia pua ya kempa isirukeruke kwenye barabara yenye vijituta vya mfululizo, kama ile ya Naabi kwenda Seronera. Baada ya hizo milimita 10, springi lazima ibaki na nafasi ya kubonyea zile 60 za hatua ya 3 kabla koili hazijagusana. Jumla 70. Springi fupi ngumu inayogusana koili baada ya milimita 20 haina tofauti na bolti iliyokazwa.

Springi za katikati zinahitaji safari ndogo zaidi. Zikiwa nusu ya njia kati ya vishikio vya nyuma na ncha ya mbele, nusu ya zile milimita 60 inatosha.

Kosa la kawaida: mtu anasikia kelele mbele, anakaza nati za springi mpaka mwisho. Kelele inaisha, na mwezi mmoja baadaye mlango haufungi.

9. Weka mabamba ya kuongoza. Springi zinashika juu na chini tu. Hazizuii kwenda kushoto na kulia. Kila upande weka angalau mabamba mawili, yamechomelewa kwenye fremu ya kati na kushuka nje ya reli, bila bolti kwenye chasisi. Uso wa ndani ubandikwe plastiki, nafasi ya milimita 1 hadi 2. Yashuke vya kutosha yasitoke nje fremu ikinyanyuka: safari yote ya springi, ongeza milimita 40.

10. Pandisha kempa na uache nafasi. Kempa inafungwa kwenye fremu ya kati kwa bolti nyingi. Hapo hakuna kinachojipinda. Kinachotaka akili ni kabini. Kwenye mpindo wa nyuzi 3, kitu kilichoko mita 1.5 juu ya reli kinaenda pembeni karibu sentimita 8 ukilinganisha na kabini. Kama kempa ina sehemu ya kulala juu ya kabini, acha sentimita 8 au zaidi kati ya paa na sakafu yake. Nyuma ya kabini sentimita 7 hadi 10 zinatosha. Unataka kupita ndani kutoka kabini hadi kempa? Weka mpira wa mikunjo mikubwa, kamwe si bati.

11. Nyaya, mabomba na breki. Kila kinachovuka kutoka chasisi hadi kempa kiwe na mkunjo wa ziada. Cha hatari zaidi ni mdomo wa kujazia mafuta: ukiufunga kwenye ukuta wa kempa huku tangi liko kwenye chasisi, bomba lake litavutwa kila gari linapojipinda. Tumia bomba la mpira la mafuta lenye urefu wa kucheza, vibano viwili kila upande, na ulikague mara kwa mara.

Pikapu nyingi zina vali ya breki za nyuma inayosoma kimo cha gari kwa fimbo iliyoshikana na ekseli. Ukibadilisha springi za nyuma ili zibebe kempa, kimo kinabadilika, na breki za nyuma zinaweza kupungua nguvu wakati unazihitaji zaidi. Mpe fundi wa breki airekebishe.

12. Rudi juu ya magogo. Pakia kempa kama ya safari, maji yamejaa. Rudia jaribio la hatua ya 3 kwa pembe zote mbili. Fungua na ufunge mlango na kila dirisha gari likiwa limepinda. Pima nafasi iliyofunguka mbele kati ya fremu na reli. Lazima uone upande mmoja umeachia. Kama haukuachia na mlango unabana, kuna kitu kimeshika. Kitafute sasa.

Kisha rudi mizani, pima ekseli zote.

13. Kilomita za kwanza. Anza na barabara ya vumbi iliyo karibu na nyumbani. Kaza vishikio vya nyuma baada ya kilomita 100, tena baada ya 500, tena baada ya 1,000. Springi usizikaze, zipime tu urefu kwa rula, ziwe na urefu uleule wa siku ulipozifunga.

Ikisumbua

*Kempa inagonga mbele kwenye vijituta.* Pima urefu wa springi. Kama zimelegea, zirudishe kwenye milimita 10 za mwanzo. Kama ziko sawa, angalia plastiki ya mabamba ya kuongoza. Ikiisha, chuma kinagonga chuma. Ikiendelea, ongeza springi moja kila upande badala ya kukaza zilizopo.

*Mlango unabana gari likiwa limepinda.* Mbele hakuachii. Tazama koili kama zimegusana, bolti kama imekwama tunduni kwa kutu, na mawe yaliyobanwa kati ya sikio na sikio. Kagua pia kama kuna mtu aliyeongeza bolti gereji bila kukuambia. Hutokea mara nyingi kuliko inavyopaswa.

*Bolti za nyuma zinalegea kila safari.* Toa moja, angalia tundu. Likiwa limekuwa refu kama yai, kukaza hakutasaidia: tundu lipanuliwe liwe duara, bolti kubwa zaidi iwekwe, na uso wa bamba usuguliwe rangi.

*Gari linalala upande mmoja.* Pima kila upande kwenye mizani. Tangi la maji, betri na jiko vikiwa upande mmoja, hamisha. Usiweke vipande vya mbao chini ya fremu ya kati ili "kuisawazisha". Utarudisha uzito wote kwenye pointi moja.

*Gari linayumba kwenye kona, ingawa vishikio ni vizima.* Uzito uko juu sana, au shokomzoba na springi za nyuma za gari zimechoka. Shusha mizigo ya paani kwanza, kisha upime upepo wa tairi.

*Mstari wa kutu au rangi iliyopasuka kwenye reli nyuma ya kabini.* Simamisha safari. Safisha kwa brashi ya waya uangalie kama ni ufa. Kuuchomelea juujuu njiani kutakufikisha kijiji kinachofuata, basi. Ukifika mjini, toa kempa, mtu wa chasisi atoboe tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, autengeneze ipasavyo, na wewe utafute sababu: uzito uliozidi, ncha ya fremu isiyochongwa, au springi iliyogusana koili. Usiirudishe kempa juu ya gari kabla hujaipata.